MKANDA WA UMEME NA TUMBO: UKWELI NI UPI?

Siku hizi habari za mkanda wa umeme zimeenea. Mkanda huu hufungwa tumboni. Ndani yake mna betri ndogo. Ukiuwasha, tumbo linacheza lenyewe. Matangazo yake yanafika mpaka vijijini kwa njia ya simu. Yanasema: "Funga mkanda, kaa kitini, tumbo litaisha."

Je, ni kweli? Mtu akiuza gunia la mahindi au madebe ya asali ili anunue mkanda huo, atapata faida gani? Na je, kuna hatari? Haya ndiyo tutakayoyaeleza leo. Soma pole pole. Ukimaliza, msomee na jirani.

MAZUNGUMZO SOKONI

Tuchukue mfano. Mama mmoja mkulima ametoka kijijini kuja sokoni Tabora mjini. Anakutana na mchuuzi.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba. Hiki nini unachouza?"

"Huu ni mkanda wa umeme, mama. Unaondoa tumbo. Dakika kumi kila siku, bila jasho."

"Bila jasho? Mimi nalima tangu asubuhi mpaka saa sita, na tumbo hili lipo tu. Mkanda utaliondoaje mimi nimekaa?"

"Umeme, mama! Umeme unayeyusha mafuta."

Hapo ndipo pa kusimama na kuuliza. Je, umeme unayeyusha mafuta? Jibu ni hapana. Mkanda huu una kazi yake, lakini kazi hiyo si kuyeyusha mafuta. Ili tuelewe vizuri, kwanza tuujue mwili.

TUMBO LIMEJENGWAJE?

Fikiri ukuta wa nyumba ya miti na udongo. Ndani ziko nguzo na fito. Nje umekandikwa udongo.

Tumbo la mtu linafanana na ukuta huo. Kwa nje kuna ngozi. Chini ya ngozi kuna mafuta. Chini ya mafuta kuna misuli. Misuli hii ndiyo fito zetu. Inashika matumbo yasimwagike mbele, inasaidia mgongo, na inatusaidia kuinama, kuinua mzigo na kukohoa. Ndani zaidi, kati ya matumbo na ini, kuna mafuta mengine tena. Hayo hatuyaoni, lakini ndiyo yanayodhuru zaidi, kwa sababu yanahusika na ugonjwa wa kisukari na ugonjwa wa moyo.

Basi, ukikaza fito za nyumba, je, udongo wa nje utapungua? Hautapungua. Fito zitakuwa imara, lakini udongo utabaki pale pale. Hivyo hivyo misuli na mafuta. Kukaza misuli ni jambo moja. Kupunguza mafuta ni jambo jingine.

UMEME UNAFANYAJE MSULI UCHEZE?

Wengi wanadhani umeme ni wa kwenye nyaya tu. Kumbe hata mwilini mwetu umo, ila ni mdogo sana. Ukitaka kuinua jembe, ubongo unatuma habari kwa mishipa ya fahamu. Habari hiyo husafiri kama umeme mdogo. Ikifika kwenye msuli, msuli unajikaza.

Mkanda unafanya kazi kama mtu anayepiga hodi kwa mlango wa nyuma. Una vibandiko vinavyogusa ngozi. Umeme mdogo wa betri unapita kwenye vibandiko, unaamsha mishipa ya fahamu, na msuli unajikaza bila wewe kuuamuru. Kisha umeme unakatika, msuli unalegea. Unakuja tena, msuli unakaza tena. Ndiyo maana tumbo linacheza lenyewe.

Jambo hili si geni duniani, wala si geni kwetu. Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo pwani, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ndani ya ziwa hilo yuko samaki wa jamii ya kambare mwenye umeme mwilini. Umeme huo anautumia kukamata samaki wadogo na kujilinda. Mtu akimshika akiwa hai, mkono unashtuka, na msuli unakaza wenyewe.

Huko Ulaya nako, karibu miaka 2,000 iliyopita, mganga wa Kirumi aliyeitwa Scribonius Largus aliandika kwamba wagonjwa wa kichwa na wa jongo watibiwe kwa samaki wa baharini mwenye umeme. Baadaye Mwitaliani mmoja, Luigi Galvani, alifanya majaribio kwa miguu ya chura aliyekufa. Aliona mguu unaruka ukiguswa kwa umeme. Habari hizo alizichapisha mwaka 1791. Tangu hapo wataalamu wakajua kwamba umeme na misuli vina uhusiano.

Leo hospitali zinatumia umeme wa namna hii kwa wagonjwa. Mtu aliyepata kiharusi na mkono ukalegea, au aliyepasuliwa goti na paja likanyauka, anaweza kusaidiwa. Lakini kazi hiyo anaifanya mtaalamu wa mazoezi ya tiba, naye humpa mgonjwa mazoezi ya kawaida pia. Hapa nchini wataalamu hao hufundishwa KCMC, Moshi.

WATAFITI WALIONA NINI?

Mwaka 2005 ilichapishwa habari ya utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-La Crosse, Marekani. Watu wazima 40 walishiriki. Kundi moja lilifungwa mkanda wa umeme tumboni mara 5 kila wiki, kwa wiki 8. Kila mara walikaa nao dakika 20 mpaka 40. Kundi la pili halikupata umeme huo.

Matokeo yalikuwa haya. Wale wa mkanda, nguvu ya misuli ya tumbo iliongezeka kwa wastani wa 58 kwa mia. Kiuno chao kilipungua kwa sentimeta 3 na nusu hivi. Lakini uzito wao haukupungua. Na mafuta ya chini ya ngozi, yalipopimwa, yalikuwa vile vile.

Utauliza: "Kiuno kimepunguaje, na mafuta yapo?" Fikiri mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba iliyolegea. Ukikaza kamba, mzigo unaonekana mdogo. Lakini ukiuweka kwenye mizani, uzito ni ule ule. Misuli iliyokaza ilivuta tumbo ndani. Mafuta hayakwenda popote.

Pia kumbuka kwamba mikanda si sawa. Chuo hicho hicho kiliwahi kupima mashine nyingine za namna hii miaka michache kabla, na hizo hazikuongeza nguvu wala kubadili mwili. Mikanda mingine ina umeme hafifu mno, unakutekenya tu. Mingine inauma kabla haijafanya kazi yoyote.

Serikali ya Marekani nayo ililiangalia jambo hili. Mwezi Mei 2002, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliwashtaki wauzaji wa mikanda mitatu: AB Energizer, AbTronic na Fast Abs. Kosa lao lilikuwa matangazo ya uongo. Waliwaambia watu kwamba watapata tumbo gumu na kupunguza unene bila jasho. Mamlaka ya dawa ya Marekani inasema hivi: mashine hizi zinaweza kukaza msuli kwa muda, lakini hakuna hata moja iliyoruhusiwa kuuzwa kwa ajili ya kupunguza uzito au kupunguza kiuno. Mamlaka hiyo imepokea habari za watu walioshtuliwa na umeme, waliobabuka ngozi na walioungua.

Basi, kama wenye viwanda wakubwa walishtakiwa huko, na sisi tusidanganywe huku.

JE, TUNAWEZA KUPUNGUZA MAFUTA YA TUMBONI TU?

Swali hili huulizwa sana. Chukua pipa la maji. Chota maji upande wa kulia. Je, maji yatapungua upande wa kulia peke yake? La. Yatapungua pipa zima.

Mafuta ya mwili ni hivyo hivyo. Mwili ukihitaji nguvu, unachota mafuta sehemu zote: mikononi, mapajani, usoni na tumboni. Huwezi kuuamuru uchote tumboni tu. Na mafuta ya mwili hayapungui kama kila siku unaujaza kuliko unavyotumia. Mkanda unatumia nguvu ndogo sana ya mwili. Kutembea kwa miguu kunatumia nguvu nyingi zaidi.

WAPAGAZI WA UNYAMWEZI

Wazee wetu walikuwa na mkanda wao. Ulikuwa mzigo na njia.

Karne ya 19, vijana wa Kinyamwezi walijulikana mpaka pwani kwa kazi ya upagazi. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, mbali na mkeka wake, chungu na chakula. Alitembea mwendo wa saa nyingi kila siku, wiki baada ya wiki. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba. Mizigo yao ilibebwa mabegani mwa watu na migongoni mwa punda.

Kubeba mzigo ukiwa umesimama wima kunatumia misuli yote ya tumbo na mgongo. Mpagazi hakuhitaji betri. Misuli ilikaza kwa sababu ilikuwa na kazi.

Hatusemi turudi kwenye upagazi. Kazi ile ilikuwa ngumu na yenye mateso. Wengi walikufa njiani kwa ndui, kwa njaa na kwa homa. Na katika njia ile ile watumwa walipitishwa wamefungwa minyororo. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mizigo ikahamia kwenye garimoshi. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Lakini kila nafuu ina upande wake wa pili. Leo tunapanda bodaboda hata kwa safari ya robo saa. Mashine inasaga mahindi. Mwenye duka anakaa kitini tangu asubuhi hadi usiku, na soda iko karibu. Chakula kimeongezeka mafuta na sukari, na miguu imepunguziwa kazi. Hapo ndipo tumbo linapokua.

JIPIME KWA KAMBA

Huna haja ya mashine kujua kama tumbo lako limezidi. Fanya hivi:

1. Chukua kamba. Simama wima bila viatu. Mtu akupime kwa kamba tangu unyayo hadi utosini. Kata kamba hapo.
2. Kunja kamba hiyo katikati, iwe nusu ya urefu wako.
3. Izungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Usivute tumbo ndani. Pumua kawaida.
4. Ncha zikikutana, ni vizuri. Zisipokutana, tumbo limezidi, na hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo imeongezeka.

Kipimo hiki si cha mama mjamzito, wala si cha mtoto mdogo.

TAHADHARI: SI KILA TUMBO KUBWA NI MAFUTA

Ndugu msomaji, sehemu hii ni ya muhimu kuliko zote. Tumbo linaweza kukua kwa sababu nyingi:

- Mimba. Mama mwingine hajui bado kwamba ni mjamzito.
- Bandama iliyovimba kwa malaria ya mara kwa mara.
- Kichocho cha tumbo, ambacho kinaharibu ini na kujaza maji tumboni.
- Uvimbe katika mfuko wa uzazi.
- Ngiri, yaani utumbo kutokeza kwenye sehemu dhaifu ya misuli.
- Misuli ya tumbo kuachana katikati baada ya kuzaa.

Mtu mwenye matatizo haya akifunga mkanda wa umeme, anapoteza fedha, na zaidi ya fedha anapoteza wakati. Ugonjwa unaendelea ndani huku yeye anasubiri tumbo lipungue. Tumbo likikua huku mikono na uso vinakonda, nenda hospitali. Likikua kwa haraka, likiuma, au likiwa gumu upande mmoja, nenda hospitali. Usingoje.

NANI ASITUMIE MKANDA HUU?

Asitumie kabisa mama mjamzito, mtu mwenye kifaa cha umeme cha kuongoza moyo, na mtu mwenye kifafa, ngiri, saratani au kidonda tumboni. Mama aliyejifungua hivi karibuni, au mtu yeyote aliyepasuliwa, aulize kwanza kwa daktari au mkunga. Mgonjwa wa kisukari ambaye ngozi yake imekufa ganzi naye ajihadhari, maana anaweza kuungua asisikie.

KAMA UNAO TAYARI

Pengine mtoto wako aliye mjini amekuletea zawadi, nawe hutaki kuitupa. Fuata haya:

- Soma maelezo yake. Usipoyaelewa, mpe mtu akusomee.
- Vua cheni ya kiunoni na kitu chochote cha chuma.
- Ngozi iwe safi, isiwe na jeraha wala upele.
- Anza na nguvu ndogo. Ukisikia kuchoma, zima mara moja.
- Uweke tumboni tu. Usiuweke kifuani, shingoni wala kichwani.
- Usiuvae ukiwa unaoga, umelala, unaendesha baiskeli au pikipiki, au unafanya kazi na mashine.
- Usiwaachie watoto kuuchezea.
- Ukiharibika, usimruhusu mtu kuuunganisha na betri ya gari, mtambo wa jua au umeme wa nyumba. Umeme huo unaweza kuua.

Na kama bado hujanunua, uliza mambo mawili. Kwanza, je, chombo hiki kinatambuliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA? Pili, je, utapewa risiti na maelezo ya matumizi? Muuzaji akikasirika kwa maswali hayo, umepata jibu lako.

NJIA ISIYO NA BETRI

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Fundisho lake lilikuwa kwamba afya inaanza na kazi ya mikono yetu wenyewe. Hata kwa tumbo ni hivyo hivyo.

Kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku 5. Tembea kwa haraka mpaka pumzi ibadilike. Mkulima aliye shambani msimu wa kilimo anazo tayari. Lakini kiangazi, baada ya mavuno, wengi hukaa tu. Huo ndio wakati wa kujihimiza.

Zoezi la kwanza la misuli. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa. Toa pumzi, vuta kitovu ndani kuelekea uti wa mgongo. Hesabu mpaka 5. Achia. Rudia mara 10. Mama aliyejifungua salama anaweza kuanza na hili baada ya kumwuliza mkunga.

Zoezi la pili. Lala kifudifudi. Inua mwili kwa viwiko na vidole vya miguu, mgongo unyooke kama ubao. Hesabu mpaka 10, kisha pumzika. Ongeza kidogo kila wiki. Hapa utahisi misuli ile ile ambayo mkanda unaigusa, lakini sasa unaikaza wewe mwenyewe.

Chakula. Ugali si adui. Ila kijiko cha sukari juu ya kijiko, soda kila siku, maandazi asubuhi na chapati jioni, na pombe nyingi, hivyo ndivyo vinavyojaza tumbo. Hata asali yetu ya Tabora, ingawa ni nzuri, ni sukari, tumia kidogo. Nusu ya sahani yako iwe mboga na matunda: mlenda, kisamvu, majani ya maboga, embe wakati wa embe. Maharage na dagaa vinashibisha kwa muda mrefu.

Na kanga je? Akina mama wengi hufunga tumbo kwa kanga baada ya kuzaa. Kanga inashikilia tumbo na kumpa mama nafuu anapotembea, lakini nayo haiondoi mafuta. Usiikaze mpaka ukashindwa kupumua. Anayetaka tumbo lipungue ajifunge kibwebwe kwa maana yake ya pili, yaani aifanye kazi kwa bidii.

KWA KIFUPI

Mkanda wa umeme unaweza kukaza misuli kidogo, kama ni mzuri na ukitumiwa sawasawa kwa wiki nyingi. Hauyeyushi mafuta, haupunguzi uzito wala hautibu ugonjwa. Kwa watu wengine ni hatari. Kamba ya kujipimia unayo nyumbani, na mkeka unao. Kabla ya kutoa fedha ya mahindi, anza na hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kukaza misuli hakupunguzi mafuta? Eleza kwa mfano wa fito na udongo.
2. Taja magonjwa matatu yanayoweza kukuza tumbo.
3. Katika kijiji chetu, ni kazi gani za miguu na mikono ambazo zimepungua siku hizi? Tufanye nini badala yake?
4. Mchuuzi akija na dawa au chombo kipya, tumwulize maswali gani kabla ya kununua?
5. Jipimeni kwa kamba. Ni wangapi ambao ncha hazikukutana?